Kiti cha Nyuma cha Wanyonyi Mulongo

Mama mkwe haketi alipolala mkwewe. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na kwa watu wa Kimilili haihitaji kuandikwa. Mtoto huijua kabla hajajua kuhesabu. Mama mkwe haingii chumba cha mkwewe, hashiki shuka lake, na kitanda chake hakioni hata kupitia mlango ulioachwa wazi. Akija Nairobi kumtazama binti yake, hulala kwa mwanawe wa kiume au hata kwa jirani. Wanyonyi Mulongo aliijua sheria hiyo vizuri. Mwaka mmoja kabla, alimsuta mfanyakazi mwenzake mbele ya watu kwa kumlaza mama mkwe sebuleni. Kisha mwezi wa Agosti, mwaka wa 1996, yeye mwenyewe akaivunja kwa kisu cha mkate.

Mulongo alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha sabuni, na aliishi Mbotela pamoja na mkewe Triza na watoto wao wanne. Angekuwa mtu kama watu wengine wa mtaa huo, kama si gari. Lilikuwa Peugeot 404 la rangi ya maziwa, la mwaka wa 1968, alilolinunua kwa mzee mmoja wa reli aliyekuwa akistaafu na kurudi kwao. Tangu siku hiyo Mulongo alitembea na ufunguo kidoleni hata akitumwa mkate. Ukimwita kwa jina lake, aliitika kwa uvivu. Ukimwita "mwenye gari," aliitika kabla hujamaliza.

Na gari lenyewe halikwenda popote. Lilitoka Jumapili kwenda kanisani, mwendo ambao miguu huumaliza kwa dakika kumi, kisha likarudi. Siku nyingine zote lilikaa mbele ya nyumba likipanguswa. Triza alipopatwa na uchungu wa mtoto wa nne, ulikuwa mchana wa mvua kubwa, na Mulongo alisimama dirishani akitazama matope ya barabarani. Rangi ya gari ilikuwa imepigwa juzi tu.

"Mvua ikipungua tutaenda," alisema.

Mtoto hakungoja mvua. Alizaliwa palepale kitandani, mikononi mwa jirani yao Mbeti, mwanamke wa kuuza mboga ambaye hakuwahi kusomea ukunga. Mbeti alipotoka akinawa mikono, alilitazama gari, akamtazama mwenye gari, akatema mate chini na kwenda zake. Mulongo aliona tu kwamba gari halikuchafuka.

Sasa kulikuwa na harusi. Mulongo na Triza walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na minne. Mahari ilikuwa imeshapelekwa, ya kimila yalikwisha, lakini pete ya kanisani haikuwapo. Mulongo hakuona haja ya pete mpaka alipoanza kutamani kuwa mzee wa kanisa, na mchungaji akamwambia wazi kwamba kanisa lao halimpi uzee mtu ambaye hakufunga ndoa madhabahuni. Ghafla mtu huyu akawa na mapenzi makubwa kwa mkewe. Siku ikapangwa, Jumamosi ya mwisho ya Agosti.

Triza hakuomba mengi. Alikuwa akiuza nguo za watoto za mitumba pale Gikomba, na mambo ya fahari hakuwa na muda nayo.

"Baba Lorine," alimwambia, "sitaki keki. Gauni nitaazima. Nataka kitu kimoja tu, mama awe pale mbele."

Alikuwa na sababu. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alitoroka kwao kumfuata Mulongo, na mama yake, Mama Nabiswa, alipokea ng'ombe wa mahari baadaye lakini hakuwahi kumbariki binti yake kwa mdomo wake. Kwa miaka kumi na minne mama huyo hakukanyaga Nairobi. Sasa, baada ya barua tatu, alikuwa amekubali kuja. Atafikia kwa mwanawe Nyongesa, anayeishi Umoja, na siku ya Jumamosi atasimama kanisani amwekee Triza mkono kichwani. Triza alilia aliposoma jibu. Mulongo naye alifurahi, kwa sababu yake mwenyewe: mama mkwe angeonekana akishuka katika gari lake.

Tatizo lilikuwa kiti cha nyuma. Sponji yake ilikuwa ya tangu gari litoke kiwandani, na miaka ishirini na minane ilikuwa imeigeuza unga wa manjano. Aliyeketi pale aliinuka na makalio ya rangi ya malenge. Springi mbili zilikuwa zimetoboa kitambaa, na mke wa shemasi alikwisha kuacha kipande cha gauni lake humo.

Mulongo alikibeba kiti hicho hadi Gikomba, upande wa maseremala, kwa fundi wa viti aliyeitwa Otiende. Otiende alikuwa mtu mwembamba mwenye sindano iliyopinda daima mdomoni. Alikipiga kiti kwa kiganja, vumbi la manjano likapanda.

"Mdosi, hii si sponji tena. Ukiitia maji moto utapata uji."

"Wacha mzaha. Niambie kazi yake."

"Kazi inategemea unataka kukalisha nani."

"Mama mkwe."

Otiende akaitoa sindano mdomoni. "Hapo usicheze. Tuweke sponji mpya, ile nzito. Chini yake tutandike gunia juu ya springi, zisije zikaitafuna. Juu tushone ngozi ya bandia, nyeusi. Mama atasinzia mpaka afike."

Akataja bei. Mulongo akaruka kama aliyetukanwa.

"Kwani ni dhahabu?"

"Basi kuna vipande. Akina mama wa Mukuru kwa Njenga wanaviokota nje ya viwanda, wanauza kwa gunia. Ni rahisi. Lakini vipande vinahama. Leo umekaa katikati, kesho umelalia mlango."

"Gari kama hili niliwekee takataka?"

"Mpya hutaki, vipande hutaki," Otiende alisema, akilitazama gari lililoegeshwa kando. "Mdosi, umelivalisha viatu vyeupe ukaliacha bila suruali."

Maseremala wakaangua kicheko, na walikuwa na haki. Mwezi huohuo Mulongo alikuwa amenunua tairi nne zenye ukingo mweupe, amepaka nikeli bampa zote mbili, na ametia redio ambayo spika zake zilisikika hadi kwa Mbeti. Kila kilichoonekana na jirani alikinunua. Sponji haionekani, kwa hiyo kwake sponji ilikuwa ghali.

"Basi leta sponji yako mwenyewe," Otiende alimaliza. "Mimi nitachukua pesa ya ufundi tu."

Maneno hayo ndiyo Mulongo aliyarudisha nyumbani. Triza alikuwa amesafiri Jumamosi iliyotangulia kwenda Kimilili kumchukua mama yake, na watoto walikuwa wamepelekwa kwa dada yake Mulongo kwa ajili ya likizo. Nyumba ilikuwa kimya. Akasimama mlangoni mwa chumba chao akakitazama kitanda. Juu yake kulikuwa na godoro la sponji nzito, inchi sita, ambalo Triza alilinunua zamu yake ilipofika katika chama cha akina mama wa Gikomba. Ndicho kitu pekee cha thamani kilichokuwa humo ndani ambacho Mulongo hakukinunua.

Usidhani hakufikiria. Alifikiria, na ndiyo aibu yenyewe. Aliketi ukingoni mwa kitanda akajitetea mbele ya nafsi yake kama wakili wa kulipwa. Ng'ombe akishachinjwa, aliwaza, si ng'ombe tena, ni nyama. Godoro likishakatwa si godoro, ni sponji. Kitanda ni mbao na mahali. Ukiondoa sponji ukaitia ndani ya gari, imekuwa gari. Na nani atajua? Mtu aliyekuwa tayari kumpigia kelele mwenzake kwa sababu ya kochi la sebuleni sasa aliona sheria ya wazee ina mianya mingi kama wavu.

Akaenda jikoni, akaleta kisu cha mkate, akalikata.

Jalada la maua hakulitupa. Alilijaza maboksi ya sabuni aliyoyaleta kutoka kazini na nguo kuukuu za watoto, akalishona mdomo, akalitandika shuka. Hapo ndipo alipotaka bibi harusi wake alale. Akatoka na furushi begani, na Mbeti akamwona.

"Baba Lorine, unahama?"

"Nafanya usafi."

"Hee! Mwanamume akifanya usafi mkewe akiwa safarini, kuna jambo," Mbeti akasema, na kuendelea kumenya vitunguu.

Otiende alikunjua sponji mezani pake, akaipapasa, akaridhika. Kisha akaigeuza. Upande wa pili kulikuwa na doa pana la hudhurungi, limekauka, limezama ndani.

"Godoro la nani hili?"

"La wageni."

"Wageni wenu huja kuzaa?"

Mulongo akatazama kando. "Geuza hilo doa liangalie chini, ushone."

"Sikiza, mdosi." Otiende hakuwa akicheka tena. "Kiti cha gari hukaliwa na kila mtu. Uliniambia mama mkwe. Kama hii ilitoka kitandani kwako, niambie sasa, niiweke pembeni. Hata kwetu mambo haya yapo. Nitakutafutia vipande vizuri, nitakukopesha."

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Angesema neno moja tu.

"Nimesema ni la wageni."

"Sawa. Na gunia?"

"Gunia la nini? Nani atalala chini ya kiti aangalie juu?"

Fundi akafanya alichoambiwa. Alipima, akakata, akapaka gundi, akalaza sponji moja kwa moja juu ya springi bila gunia, akavuta ngozi nyeusi mpaka ikakaza kama ngoma. Mtu aliuliza alilopaswa kuuliza, akadanganywa. Dhambi haikuwa yake tena. Kiti kilipendeza, hilo halina ubishi. Mulongo alikikalia akarukaruka mara tatu, na kurudi Mbotela akipiga honi.

Alhamisi saa sita mchana basi la Kimilili liliingia stendi ya Machakos. Triza alishuka kwanza, kisha akamshika mama yake mkono. Mama Nabiswa alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amejifunga leso mpya juu ya gauni. Nyongesa alikuwa amekuja kuwapokea. Mulongo alisimama hatua kumi mbali, akainamisha kichwa, akasalimu bila kunyoosha mkono wala kuinua macho. Adabu yake ilikuwa kamili. Sheria zote zinazoonekana na watu alizishika barabara.

Wakaketi kama inavyotakiwa. Nyongesa alikaa mbele kando ya dereva, mama na binti nyuma, na maneno ya mama kwa mkwewe yakapitia kwa mwanawe.

"Nyongesa, mwambie mkwe wetu gari lake ni zuri. Kiti hiki kinanipokea kama mtoto."

"Umesikia, shemeji?"

"Mwambie mama tunamshukuru Mungu," Mulongo alijibu, na kifua kikamjaa. Angenyamaza hapo. "Hiyo ni sponji nzito. Inchi sita. Siku hizi haipatikani ovyo."

Triza alicheka. Alikuwa amemshika mama yake kiganja, na mama hakukiondoa. Njiani tangu alfajiri walikuwa wamezungumza, na kabla ya basi kufika Nakuru mama alikuwa amesema neno ambalo Triza alilisubiri tangu akiwa msichana: kwamba alimkosea kwa kukaa kimya muda wote huo, na kwamba Jumamosi atalisema mbele ya watu.

Mulongo angeweza kwenda Umoja kwa njia fupi. Alichagua Barabara ya Jogoo, ili apite Mbotela polepole wamwone. Karibu na soko la Burma foleni ikamkamata. Jua lilikuwa la utosi, na gari lilikuwa limeshinda limefungwa vioo pale stendi. Kiti kikapata moto. Sasa, kwa miaka mitatu Mulongo alikuwa akijipaka mgongoni dawa ya kuchua kila alipokwenda kulala, ile kali inayowasha macho, na godoro lilikuwa limeinywa yote. Joto likaanza kuitoa.

Mama Nabiswa akanusa. "Kuna mgonjwa humu? Nasikia dawa ya mgongo."

"Ni wachuuzi wa nje, mama," Nyongesa alisema.

 Triza alilaza kiganja juu ya ngozi nyeusi, akabonyeza, akaachilia, akabonyeza tena. Mikono yake ilikuwa imelitandika godoro lile miaka tisa.

"Baba Lorine, simamisha gari."

"Hapa? Katikati ya foleni?"

"Weka kando. Mama, shuka kidogo."

"Mama Lorine, usinitie aibu mbele ya wakwe."

"Sponji hii uliitoa wapi?"

"Gikomba."

"Gikomba nauza mimi kila siku. Kwa nani?"

Mulongo alisogeza gari kando. Mama alikuwa ameshashuka. Triza alishika kiti cha nyuma kwa mikono miwili, akakivuta kikang'oka, akakiburuta nje na kukipindua juu ya vumbi. Springi zilikuwa wazi, hakuna gunia, na katikati yake doa la hudhurungi lilimtazama. Alikuwa amelisugua kwa chumvi mara tatu baada ya kuzaa, likakataa kutoka. Alilijua kama anavyojua uso wa mtoto mwenyewe.

Hakupiga kelele. "Mama," alisema, "hiki ni kitanda changu."

Msukuma mkokoteni aliyekuwa akipita akapaza sauti, "Niaje, mzee! Hiyo kochi unauza ngapi?" Watu wa sokoni wakaanza kusogea.

Mama Nabiswa hakuuliza mara mbili. Alifungua leso aliyokuwa ameikalia, akailaza kando ya barabara, akaiacha. Akamgeukia mwanawe. "Nyongesa, nirudishe kwenye basi."

Hapo Mulongo akafanya la mwisho. Alimtazama mama mkwe usoni, akamsemesha moja kwa moja, akiwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake. "Mama, haya ni mambo ya zamani. Sisi tumeokoka."

Huo ulikuwa wokovu wa ajabu, unaomjia mtu akiwa amefumaniwa tu. Mama alijifunika uso kwa mkono akaanza kutembea kurudi stendi, na Nyongesa akamfuata. Triza alisimama kati ya gari na mama yake kwa muda usiozidi kumeza mate. Kisha akamwambia mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Siku ile ya mvua ulininyima gari lisichafuke. Leo umeliweka tumbo langu chini ya mama yangu, ili gari lipendeze." Akaenda.

Jioni Nyongesa alifika Mbotela na njia ya kutokea. Hakuwa mtu mkali. Alisema hili lina dawa: Mulongo aende Kimilili yeye mwenyewe, kabla ya harusi yoyote, na kondoo, akiri mbele ya wazee, atakaswe yeye na mama. Kitanda kichomwe, kinunuliwe kingine.

"Shemeji," Mulongo aliuliza, "mbuzi haiwezi kufaa? Na hii si ingengoja baada ya Jumamosi? Kadi nimeshachapisha."

Nyongesa akachukua kofia yake na kutoka bila kuaga.

Triza, aliyelala kwa Nyongesa, alikuja kesho yake kuchukua nguo. Aliketi kitandani kukunja gauni aliloazima, na maboksi ya sabuni yakalia chini yake. Alilifumua jalada la maua, akayatazama, akacheka kidogo, cheko ambalo Mbeti alilisikia kwake na hakulipenda. Akawapitia watoto kwa shangazi yao, na jioni wakapanda basi.

Jumamosi Mulongo alikwenda kanisani hata hivyo. Alikifungia kiti mahali pake, akafunga utepe mweupe mbele ya gari, akaegesha mahali ambapo kila mtu angeliona, akaketi benchi la mbele na suti yake. Aliamini watakuja. Mchungaji alingoja kwa saa mbili, akaomba sala fupi, akawaruhusu watu waende. Kondoo hakupelekwa mwaka huo. Mwaka uliofuata Mulongo alisema bado anajipanga. Gari lilihitaji gia.

Harusi haikufungwa. Uzee wa kanisa alipewa mtu mwingine. Triza alibaki Kimilili na watoto wote wanne, na mama yake alipofariki mwaka wa 1998, alikuwa hajatakaswa wala hajatamka baraka yoyote mbele ya watu, na Mulongo aliambiwa asifike mazishini. Hakufika. Alimpoteza mke na watoto, na kumnyima mkewe neno alilolingoja miaka kumi na minne, kwa sababu hakutaka kununua sponji ya kiti kimoja.